Dudumizi Anayevuta Pumzi

Kazi yangu ni kutengeneza ndege. Nikisema hivyo pale Visiga ninapoishi watu hudhani nafuga kuku wa kisasa, na wapo walioniuliza bei ya vifaranga. Ninachotengeneza ni milio ya ndege kwa ajili ya filamu na magemu ya kompyuta, milio ambayo haikutoka kwenye koo la ndege yeyote. Nakaa chumba cha nyuma, godoro kuukuu limeegemezwa dirishani kuzuia ngurumo za malori ya barabara ya Morogoro. Naanza na sauti moja tupu ya kompyuta, mluzi usio na uhai. Naupinda, naushusha, nautia mkwaruzo kidogo, mpaka msikilizaji ageuze shingo kumtafuta ndege kwenye matawi.

Mama yangu, ambaye bado anaishi Kisarawe katika nyumba niliyokulia, hakuwahi kuielewa kazi hii. "Ndege wako bure huko nje," huniambia. "Wewe unawauzia watu wa nini?" Nimeshamweleza kwamba ndege aliyerekodiwa hulia vilevile kila mara, na mchezaji akisikia mlio uleule kila apitapo mti uleule anaacha kuuamini msitu. Ndege wangu hushtuka wakisogelewa, hunyamaza, huchoka. Mama husikiliza maelezo yote hayo kwa heshima, kisha huniuliza kama nimekula.

Baba alifariki wakati wa masika. Kabla ya mwaka kwisha nikapata kazi kwa watu fulani wa Dar waliokuwa wanatengeneza gemu la msituni. Walitaka ndege wa ukanda wetu, na wa kwanza alikuwa dudumizi, yule wa kahawia anayelia kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Kwetu akilia, watu huanza kutazama mawingu. Nilifurahi. Huyu sikuwa na haja ya kumtafuta, nilikuwa naye kichwani tangu utotoni.

Kwa jeuri ya mtu wa Kisarawe, nilimtengeneza kwa kumbukumbu. Nilimpa mlio unaoshuka taratibu, katikati nikamwekea pumzi fupi, halafu mlio ukaendelea kwa haraka na kukatika ghafla mwishoni. Ile pumzi niliipenda kuliko vyote. Nilishinda nayo nikiipunguza na kuiongeza, mpaka vinyweleo vya mikono vikanisimama.

Msimamizi wa sauti kule Dar alinipigia simu.

"Dada, ndege wako mtamu sana, ila siyo dudumizi."

"Kwa nini siyo?"

"Anavuta pumzi katikati. Dudumizi hafanyi hivyo, anatiririka tu."

"Kaka, mimi nimezaliwa Kisarawe. Wewe umezaliwa wapi?"

"Sinza."

"Basi."

Nilikata simu nimevimba. Ili kumnyamazisha nikachukua kinasa sauti, nikaenda Kisarawe na kuingia ukingoni mwa msitu asubuhi, umande ukanilowesha hadi magotini. Dudumizi walilia. Mmoja alianza, mwenzake akamdakia kwa sauti nyembamba zaidi. Niliwasikiliza mpaka jua likawa kali, na hakuna hata mmoja aliyevuta pumzi. Kijana wa Sinza alikuwa amesema kweli.

Nilirudi kwa njia ya shambani, ile inayopanda kilima kati ya mikorosho mpaka nyuma ya jiko la mama. Mkoba wa vifaa ulikuwa mzito na kilima ni kikali, nikasimama katikati kuvuta pumzi. Hapo ndipo nilipomtambua ndege wangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jioni alishuka shambani, na wakati wa kurudi, akifika kwenye mikorosho, aliita. Hakupaza sauti. Alisema mwalimu akipiga kelele na nyumbani, darasani atabaki na chaki tu. Alipiga mluzi wa dudumizi. Alikuwa na muhogo begani na kifua chake hakikuwa kizuri, kwa hiyo kilima kiliukata ule mluzi: nusu, pumzi, kisha nusu iliyobaki kwa haraka kabla kifua hakijabana tena. Mama akiusikia alibandika maji ya kuoga, halafu akagonga mfuniko wa sufuria mara mbili ili baba ajue amesikika. Mimi ni mtoto wao pekee, na sikuwahi kuwasikia wakiambiana maneno matamu. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa maneno yao.

Nilikaa chini palepale nikalia, kwa uchungu na kwa hasira. Nimerekodi vyura wa kule Janga, mageti yanayolia kutu, mvua juu ya bati, hata feni mbovu. Baba yangu sikuwahi kumrekodi. Picha zake tunazo, sauti yake hatuna hata ya kwenye simu. Na sasa, bila kukusudia, nilikuwa nimeurudisha mluzi wake, au nilidhani nimeurudisha.

Huko kudhani ndiko kulikonitesa. Sikio likisikia kitu mara nyingi huanza kukikumbuka hicho badala ya kile cha kwanza. Kila nilipoufungua ule mluzi kwenye kompyuta na kuurekebisha kidogo, niliona naufuta wa baba na kuweka wangu. Nikiendelea kuuchezea ningempoteza kabisa, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe. Alibaki mtu mmoja tu wa kuniambia kama ni yeye au ni hamu yangu. Na mtu huyo, tangu mazishi, alikuwa hamtaji baba. Ikibidi sana alisema "marehemu" na kubadilisha mazungumzo. Niliogopa kumwendea.

Kwanza nilimaliza ya watu. Ndege wa kazi nilimwondolea pumzi, nikampa mwenzake wa kumdakia, nikamtuma. Kijana wa Sinza akasema, "Sasa ndiyo mwenyewe," na mimi nikamshukuru kwa unyenyekevu ambao sina. Yule mwingine nilimhifadhi kwenye simu, na jioni ya Jumamosi nikaenda kwa mama.

Nilimkuta barazani akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Au hao ndege wako ndio wanakula chakula chako?"

Nilimwambia kuna ndege mmoja nataka amsikilize, nikaweka kispika kidogo juu ya ukuta wa baraza. Baba sikumtaja. Nikabonyeza.

Mlio ukashuka. Ukavuta pumzi. Ukaharakisha, ukakatika.

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. Hakunitazama, alitazama upande wa mikorosho. Kisha akaweka ungo chini, akainuka, akaingia jikoni. Nilisikia kata ikichota maji pipani, tena na tena, kupita maji ya chai. Nilisikia kuni zikisogezwa kwenye mafiga. Nilibaki nimekaa, nikiwaza kwamba nimemvuruga mama yangu akili.

Halafu mfuniko ukagongwa mara mbili.

Alitokea mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha.

"Usinitazame hivyo, sijachanganyikiwa," alisema. "Najua baba yako tumemzika. Lakini ameita."

"Kwa hiyo ni yeye, mama?"

"Si nimeshabandika maji?"

Tulikaa barazani mpaka sufuria ilipoanza kutokota. Hakuniomba niurudie ule mluzi, na mimi sikuurudia. Maji yalipokuwa tayari aliyamimina kwenye ndoo, akaibeba mwenyewe hadi bafu la nje, akatundika taulo mlangoni. Alisimama pale kidogo akiutazama mvuke.

"Kaoge wewe, mama," aliniambia. "Yatapoa."

Niliingia. Yalikuwa ya moto sana, kama baba alivyoyapenda, na pembeni hapakuwa na maji ya baridi ya kuchanganyia. Nikayaoga hivyohivyo, yote.