Seva Iliyofungia Ofisi

Kwandu, fundi wa kompyuta, aliporudi kutoka kunywa chai alikuta ofisi nzima imeizunguka kompyuta moja, kila mtu akingoja zamu ya kubahatisha nenosiri. Ndivyo walivyolelewa Bariadi: mwenzako akikwama huulizi, unaweka bega.

"Seva imegoma," alisema Joakim, karani wa chama cha wafugaji. "Nimejaribu nenosiri la zamani, Flora kajaribu lake, hata dereva kajaribu jina la mkewe."

"Mke yupi?" Flora akauliza, wakacheka.

Mama mmoja kwenye benchi hakucheka. Nyanjige wa Sapiwi alikuwa ametoka mnadani moja kwa moja. Mtamba wake aliyepotea alikuwa huko, mikononi mwa mtu aliyedai ni wake, na lori la kumpeleka Mwanza lilikuwa likipakiwa. Namba ya hereni ya ng'ombe huyo alikuwa ameandikiwa kiganjani kwa kalamu. Jina la mwenye namba hiyo lilikuwa ndani ya seva.

"Mwangaluka, mayu," Kwandu alimwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo.

"Mwangaluka, mwanangu. Hilo sanduku limenuna?"

Kwandu alifungua lile dirisha jeusi la amri. Siku nyingine alama nyeupe humpepesea humo kama kimulimuli, naye husahau kuona haya. Leo dirisha halikumuuliza hata jina.

Akakumbuka jioni moja kijijini Kasoli, utotoni. Ng'ombe aligoma mlangoni pa zizi, majirani wakamzingira kwa mbinja na fimbo, naye akazidi kugoma. Baba aliwaondoa wote, akabaki peke yake, kimya. Ng'ombe akaingia.

"Acheni," alisema. Hakuna aliyesikia. "Acheni!"

Wakageuka. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Mmekosea mara nyingi, imedhani ni wezi. Imeifungia ofisi nzima. Naifuata iliko."

Seva ilikaa stoo, kati ya madumu ya dawa ya kuogeshea mifugo. Kwandu alifunga mlango. Ndani mlikuwa na mvumo mmoja tu, mwororo, kama mvua iliyo mbali juu ya pamba. Akaichomekea kioo na kibodi. Hapo, ana kwa ana, ikamuuliza jina. Akaandika polepole nenosiri jipya alilokuwa ameliweka mwenyewe wiki ile, na mistari ikaanza kushuka kiooni, mmoja baada ya mwingine. Akaiondolea ofisi kizuizi, kisha akarudi, akasoma namba kiganjani mwa Nyanjige na kuiandika kwenye kompyuta.

Nyanjige Mayige, Sapiwi. Mtamba mwekundu, paji jeupe.

Joakim akamnyooshea simu. Simu ilimtisha Kwandu kuliko seva, lakini aliipokea, akampigia msimamizi wa mnada, spika ikiwa wazi.

"Dada, lori limeshawashwa," sauti ilijibu.

"Lizimeni. Mwenye ng'ombe tunaye hapa."

Injini ikanyamaza, na kwa mbali, ndani ya simu, ng'ombe akalia.

Nyanjige alikuwa ameshasimama. "Ni yeye," alisema.