Radi Yenye Nilifuga na Kinywa

Miye ni soudeur, fundi wa kuunga vyuma, wa mutaa ya Kikula. Masomo yangu iliishia ku kuhesabu vidole, na ni mukono moja tu. Mwenye kusoma ni mutoto mwanamuke ya dada yangu. Alikuja kwangu juu ya kazi yake ya kumaliza masomo: akafunga misumari mbili juu ya kibao, akaunganisha na transfo ya zamani, mashini ya kuzidisha nguvu ya umeme, ya mu atelier yangu ya kazi. Akitia kuran, ule umeme, katikati ya misumari, mu hewa tupu, kunaruka uzi wa moto wa bluu, unalia ziii. Alinifasiria: hewa inakatala kuran, lakini ukiisukuma sana inapasuka, inageuka kitu banaita plasma. Alikuwa anapima umbali yenye huo moto unaweza kuruka. Hewa ya kiangazi alishaimaliza kupima. Ilibakia ya mvua, na bila ile, hakuna diplome.

Basi nikaenda kuitia chumvi ile habari penye banauzisha munkoyo, pombe ya mahindi. Nikasema mutoto yetu anafuga radi mu chupa, anaipatia bukari, ugali yetu, asubuhi na mangaribi, na akikasirika anaituma mpaka ku machimbo ya Kamatanda ikachome mbuzi, irudie na nyama imeiva. Bantu balicheka mpaka benchi ikavunjika.

Mvua ya kwanza, radi ikaua bwana ya mama jirani yetu. Alikuwa anachimba ku Kamatanda.

Kiisha maziko, mujane akaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, na ndugu za bwana yake. Nikaapa kwa kaburi ya mama kama ilikuwa masolo tu ya kuchekesha. Mara moja yenye nasema kweli, hakuna mwenye aliamini.

"Papa, ulisema Kamatanda," mujane akasema. "Haukusema Kakontwe wala fasi ingine."

Mutoto akafikiri kuona kwa macho itasaidia. Akabawashia ile moto, baone haipite urefu wa kidole moja. Bote bakarudia nyuma. Ndugu moja akaokota jiwe.

"Sasa nimeiona," mujane akasema pole pole.

Kesho yake nilimusindikiza mutoto ku bisi, akimbie mawe yao. Mukononi alishika kaye yake, daftari ya vipimo, kurasa za mvua zingali nyeupe.

"Noko, mvua yangu," aliniambia miye mujomba yake, basi.

Sasa ikinyesha, nafunga mulango ya atelier, natia kuran. Nasogeza musumari mpaka moto inakufa, kisha nakata waya yenye urefu ule ule, namutumia mutoto kwa shofere wa bisi. Siongeze hata unene wa nywele. Mujane anapita inje, anasikia ziii. Pengine anafikiri ni soudure, kazi yangu ya kuunga vyuma.