Faulo Sita za Lemuel Tarver

Lemuel Tarver alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa miaka tisa, na hakuna kocha hata mmoja aliyewahi kumwomba afunge. Alikuwa pande la mtu, mabega mapana, mikono isiyojua kulenga. Katika ligi ile mchezaji huvumiliwa faulo tano. Ya sita humtoa uwanjani. Makocha wake walizihesabu zote sita kuwa mali yao. "Unazo sita, Lem. Usinirudie nazo benchi," walimwambia, naye aliingia, akamshindilia viwiko nyota wa timu pinzani mpaka akatolewa, kisha akaenda kuoga. Ni kazi ya kutia kinyaa, na ndiyo iliyomlisha.

Kwao, mji mdogo katika jimbo la Indiana, Marekani, ambako Ijumaa jioni watu wote wanajazana kutazama watoto wa shule wakicheza, walimpachika jina la Sita. Walimpenda zaidi alipomvunja goti kijana mmoja aliyekuwa anatamba mwaka ule, ambaye hakucheza tena. Lemuel alistaafu, akarudi kuendesha basi la shule. Kila alipoingia mgahawani kula mkate wake wa nyama ya nguruwe ya kukaanga, hakukosa mzee wa kumsimulia goti lile upya, mdomo umejaa chakula, akichekelea. Lemuel alichukia kuisikia hadithi ile. Lakini alicheka naye, kwa sababu watu wa mji hawakuwa na jambo jingine la kumpendea.

Nyumbani habari za Sita zilikuwa marufuku. Yeye mwenyewe alimfundisha mjukuu wake Odessa kurusha mpira, kurusha tu, na binti akawa analenga kuliko yeyote wa ukoo wao. Lemuel alitaka jambo moja duniani: mtoto huyu asije akawa yeye.

Ijumaa moja shule iliamua kuitundika jezi yake ya zamani chini ya paa la ukumbi wa michezo. Wakamkalisha nyuma ya benchi la timu ya wasichana, aliyoichezea Odessa, kama mgeni wa heshima. Timu pinzani ilikuwa na msichana mwembamba, nambari kumi na moja, aliyefunga atakavyo. Baada ya mapumziko Kocha Brunner wa timu ya shule, mtu mwenye shingo nyekundu na adabu haba, akamwita Odessa.

"Shuleni mnapewa faulo tano. Unazo zote bado. Yule kumi na moja nimemchoka." Kisha akageuka, akamkonyeza Lemuel. "Au vipi, Sita? Damu si ni ileile?"

Safu nzima ya watazamaji ikaangua kicheko. Odessa hakucheka. Alimtazama babu yake, akangoja.

Neno moja lingetosha. Lakini watu walikuwa wanamtazama, jezi inaning'inia juu, na Lemuel akafanya alichozoea kuwafanyia watu wa mji ule ili wamridhie: akacheka nao.

Odessa akaingia. Nambari kumi na moja aliporuka kufunga, alikutana na bega hewani, akaanguka vibaya, akalishika goti akilia kwa sauti nyembamba. Ukumbi ukasimama mzima ukiimba, "Sita! Sita!" Wengine walikuwa wanakula bisi.

Lemuel alishuka hadi uwanjani na uso uliojaa karaha. Mjukuu wake alirudi nyuma hatua moja.

"Mbona unanitazama hivyo, babu?" akauliza. "Si ulicheka?"