Pazia la Banda la Kuku

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Hushona sare za shule kwenye chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi, mguu kwenye pedali na pini zimebanwa midomoni. Ukiwa hujamzoea utadhani amekununia, kumbe anaogopa kumeza pini. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa choo na kamba ya kuanikia nguo, kuna banda la mbao na wavu anamofugia kuku wa kienyeji. Sare zilinisomesha mpaka chuo, na mayai ya banda lile yalinilisha. Nayasema haya mapema ili msomaji asishangae nikiandika habari za mafua ya kuku kwa moto ambao waandishi wenzangu huuweka kwa ajili ya siasa.

Kuku wake karibu wote wana majina. Mtetea mweusi anaitwa Msimamizi, kwa kuwa hakuna ndoo inayowekwa chini asiende kuikagua. Jogoo anaitwa Zamu, kwa kazi yake ya kuamsha watu kama mwalimu wa zamu bwenini. Ugonjwa ulijulikana kupitia kwake. Asubuhi moja aliwika, sauti ikakatika katikati, ikabaki kitu kama bawaba iliyokosa mafuta.

"Huyo leo kameza nini?" aliuliza fundi baiskeli kutoka upande wa pili wa ukuta. Mtaani wanamwita Spoku.

"Anakupumzisha," shangazi akamjibu. "Si ndicho unachoombaga kila siku?"

Utani haukudumu. Baada ya siku chache banda zima lilikuwa linapiga chafya. Kamasi ziliwaganda puani, nyuso zikavimba. Jicho moja la Msimamizi lilifumba kabisa, akawa anahema mdomo wazi, na kila akivuta pumzi unasikia kifuani maji yanachemka. Ndoo zikawekwa chini, hakuja.

Shangazi aliamini anajua dawa. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, na yeye, dada wa baba, ndiye aliyenichukua, pamoja na kifua changu kibovu nilichozaliwa nacho. Aliniunganishia vipande vya sare akashona pazia zito, akalizungushia kitanda changu ili upepo usinifikie. Nilipona. Tangu hapo, kwake yeye, adui wa kila kifua ni upepo.

Kwa hiyo aliburuta cherehani mpaka uani, akachukua turubai na mabaki ya sketi za wanafunzi, akawashonea kuku wake pazia. Alilishona kama anavyoshona kaptula ya mtoto mtundu: mshono juu ya mshono, pindo pana, kisha tukalipigilia misumari pande zote nne. Hakikubaki kitundu cha kupitisha hata kidole. Tulirudi nyuma tukalitazama, tukaona tumetenda jambo la maana.

Kuku wakazidi kuumwa. Sasa walikoroma mpaka jikoni unawasikia. Mtetea mwekundu, mlezi wa vifaranga wengi, alikutwa amekufa chini ya kichanja. Shangazi alimzika mwenyewe, akarudi kwenye cherehani, lakini mguu haukukanyaga pedali. Alikaa tu, ameshika kitambaa. Banda lile alilianza na mitetea alioachiwa na mama yake, bibi yangu, na hao waliobaki ndio uzao wao. Wakiisha, hakuna mahali pa kununua wengine wa uzao huo.

Mchuuzi wa kuku alinusa habari, akaja na matenga yake.

"Mama, niuzie leo wangali wanasimama. Kesho utakuwa unashika jembe tu."

"Unawapeleka wapi?"

"Sokoni. Nani atawapima homa?"

"Na atakayewanunua akiwapeleka nyumbani kwake, penye kuku wengine?"

"Hayo ni yake, mama. Mimi na wewe tutakuwa tumeshamalizana."

Shangazi akatoa pini midomoni, zote, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi. Hilo hulifanya kwa mambo mazito tu. "Yule mtetea wa manjano niliyemnunua sokoni juzi juzi," alisema polepole, "alifika akipiga chafya, nikasema ni vumbi la safari. Kumbe kuna mtu alinitazama usoni akaniuzia akijua. Chukua matenga yako uondoke."

Aliondoka akicheka. Nami niliona hasira imenipanda mpaka masikioni, kwa sababu hivi ndivyo magonjwa yanavyotembea katika nchi zetu: kila mmoja anamsukumia mwenzake, kimya kimya, kisha wote tunalia pamoja. Shangazi hakupoteza muda kwa hasira. Alijifunga kanga, akaanza kupita mlango hadi mlango, akisimama mbali, nje ya kila ua.

"Hodi hapo! Kuku wangu wanaumwa. Wafungieni wenu, wasije kwangu. Na mimi siingii."

"Jamani, dada, mbona unajianika hivyo?" alisema Mama Pacha, jirani wa nyumba ya kona. "Watu watakukimbia."

"Wanikimbie. Mradi kuku wao wabaki."

Mama Pacha akatoa simu. "Ngoja kwanza. Wifi yangu si daktari wa mifugo? Sema hashikiki, kata nzima inamtegemea yeye peke yake. Lakini akikataa simu yangu, ataniona sikukuu."

Kata nzima, daktari mmoja, na pikipiki ya kuazima. Hilo nitalipigia kelele mpaka mwenye masikio asikie, lakini si leo. Leo nataka kusema kwamba alikuja. Alikuja kesho yake na vumbi mpaka kwenye kope, akavaa mabuti, akayapulizia dawa nyayoni, ndipo akaingia uani.

Alimshika Msimamizi, akambonyeza kidogo juu ya pua, akanusa. "Kideri umewachanja?"

"Wote, daktari. Sikosi."

"Umewasaidia. Hawa hawajapinda shingo wala hawaharishi kijani. Haya ni mafua ya kuku, nayo yanatibika. Lakini mbona wamezidiwa hivi?" Akaligeukia pazia. "Hili ni nini?"

"Nimewakinga na upepo."

Daktari alichomoa msumari mmoja, akainua pembe ya turubai. "Mama, hebu piga magoti hapa. Weka kichwa usawa wa kuku, kisha vuta pumzi."

Shangazi akapiga magoti, akaingiza kichwa, akakitoa mbio akikohoa, machozi yanamtiririka.

"Usilie, mama."

"Silii, mwanangu! Macho yanawaka!"

"Ni hewa ya mavi yaliyolowa. Wewe umevuta mara moja tu. Wao wamo humo na vifua vinavyouma."

Shangazi alibaki chini, mikono magotini. "Lakini huyu," alisema, akininyooshea kidole, "si nilimlea ndani ya pazia hivi hivi, akapona?"

"Huyo ulikuwa unambadilisha nepi," daktari akamjibu.

Spoku, aliyekuwa amepanda ndoo ili atuchungulie juu ya ukuta, alicheka mpaka ndoo ikamponyoka. Tukasikia kishindo. Shangazi naye akacheka, huku anafuta macho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuguza nilimwona amelegea mabega.

Kulitoa lile pazia ilikuwa vita. Misumari ilikubali, mishono ikagoma. Daktari alivuta, mimi nikavuta. "Mama, hukuweza kushona vibaya kidogo?" daktari aliuliza. Mwishowe shangazi mwenyewe alileta wembe, akaufumua mshono wake, uzi baada ya uzi.

Daktari alimpimia dawa ya kuchanganya kwenye maji, akamwagiza tusile mayai mpaka aturuhusu, walioelemewa watengwe, matandiko ya banda yatupwe, na juu ya banda ubaki wavu mtupu hewa ipite. Halafu akatoa agizo lililomuuma zaidi: asiuze wala asigawe kuku hai, hata wakishapona, maana aliyepona anaweza kubaki na ugonjwa na kuwapa wengine. Shangazi ni mtu wa kugawa. Hakuna mzazi aliyejifungua mtaani asiyepelekewa mtetea kutoka banda lile.

"Basi nitapeleka waliochinjwa," alisema. Daktari akakubali.

Alipotaka kuwasha pikipiki, shangazi akamzuia. "Vua koti." Mfuko ulikuwa umechanika, unaning'inia. Aliushona palepale, mshono juu ya mshono. "Huo," alisema, "hautaki wembe."

Siku zilizofuata vitu vilianza kujitokeza nje ya lango letu. Seremala aliacha gunia la maranda makavu. Spoku akaacha kipande cha wavu na waya wa kufungia. Mama Pacha akaleta ndoo mpya ya kunyweshea, akaiweka chini, akapiga kelele "Iko hapo!" akaondoka. Hakuna aliyeingia, kama walivyoombwa, na hakuna banda jingine mtaani lililopiga chafya.

Wachache hawakupona. Lakini asubuhi moja niliweka ndoo chini nikahisi kitu kinanigonga kwenye kifundo cha mguu: Msimamizi, macho mawili wazi, amekuja kukagua. Shangazi alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa banda, kichwa usawa wa kuku, anavuta pumzi. Sasa hufanya hivyo kila siku kabla ya kugusa cherehani. Ndipo Zamu akapanda juu ya mbao, akajinyoosha, akawika, sauti nzima, mpaka mwisho.

"Shangazi!" Spoku aliguta ng'ambo ya ukuta. "Hiyo dawa imezidi! Mpunguzieni!"

Shangazi hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, anacheka na kusema asante. Sikujua anamwambia nani kati yetu, nami nikaitikia.