Jicho la Shangazi kwenye Jalada

Binti wa marehemu kaka yangu tulimwita Penseli tangu utotoni, kwa sababu hakuna siku sikio lake lilikaa bila penseli. Alichora ukutani, akachora kwenye unga uliomwagika jikoni, akachora mgongoni mwa mwenzake darasani akachapwa. Sasa ni mwanamke mzima, na kazi yake ni kuchora majalada ya michezo ya kompyuta. Zamani ungeniuliza kama hiyo ni kazi, ningekupa jibu la kukuudhi.

Mimi nilikuwa mchora mabango. Nasema nilikuwa, maana siku hizi bango halichorwi, linatapikwa na mashine, na mji mzima umejaa sura za watu wasiojulikana na mtu, wanachekacheka kama wamelazimishwa. Wakati wetu uso kwenye bango la kinyozi ulikuwa uso wa jirani. Na jirani huyo alikuwa na haki yake. Ukimaliza kumchora, unamwita yeye kwanza, kabla bango halijapandishwa ukutani. Anasimama mbele yake, anajitazama. Akisema, "Huyu si mimi," unafuta. Mwenye duka anune asinune, unafuta. Nilimfundisha Penseli hilo kabla sijamfundisha kuchanganya rangi.

Aliyemlea lakini si mimi, ni dada yangu mkubwa, fundi cherehani, mwanamke ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Kisha yakamfika maradhi yaliyompooza upande mmoja wa uso. Mdomo ukashuka, na jicho la upande huo likakataa kufumba, awe macho awe usingizini. Tangu hapo akawa mtu wa mtandio. Akija mteja, mtandio unapanda hadi chini ya macho. Hata mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nikibisha hodi naambiwa nisubiri, na najua ninachosubiri. Mtu mmoja tu aliachiwa uso ule ulivyo, naye ni Penseli. Mbele ya Penseli dada alikula, alicheka, alilala mchana mlango wazi, jicho moja likitazama dari.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa fundi simu mmoja, kijana mrefu mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Nyuma ya kibanda kulikuwa na chumba chembamba, meza imejaa skrubu ndogo kama mbegu za ufuta, na kompyuta mbili zinazopiga kelele. Humo ndani alikuwa ameutengeneza mchezo wake kwa miaka, peke yake. Ni habari ya mlinzi wa nyumba ya wageni iliyofungwa. Mlinzi anazunguka vyumbani na taa, na kila chumba anasikia mtu anapumua nyuma yake. Niliujaribu nikauacha, moyo wangu si wa kuchezewa.

Penseli alipewa jalada, yaani ile picha anayoiona mnunuzi dukani. Duka lenyewe halina mlango wala kaunta, liko humo humo kwenye mtandao. Bidhaa zimepangwa kama viberiti, mamia kwa mamia, na mnunuzi anazipitisha kwa kidole kama anayefukuza nzi. Kidole kisiposimama kwenye picha yako, miaka yako yote imepita hivyo.

Jalada la kwanza lilikuwa na kila kitu alichokitaka fundi simu: nyumba, mwezi, miti, mkono wenye damu, paka, na jina refu la herufi nyembamba zinazochuruzika. Likiwa kubwa lilipendeza. Penseli akalipunguza hadi ukubwa wa kiberiti, likawa kama chini ya sufuria iliyoungua.

"Mbona paka haonekani?" fundi simu akauliza.

"Hata nyumba haionekani, kaka, wewe unatafuta paka."

Alijua anachokisema. Sisi tulikuwa tukimaliza bango tunavuka barabara, tunasimama ng'ambo, tunayafinya macho. Likisomeka hivyo, limefaulu. Penseli aliivusha barabara picha yake kwa namna yake. Aliipunguza, akaipanga katikati ya picha za wenzake, akaiangalia kwenye simu ameishika mbali. Alitupa mwezi, akatupa miti na paka. Akabakiza mlango ulio wazi nusu, giza, na mwanga mmoja kutoka upande. Jina la mchezo lilikuwa *Mlinzi wa Nyumba ya Wageni Iliyofungwa*. Alimwambia fundi simu kwamba jina hilo lote likiingia, picha itabidi isubiri nje. Wakabishana siku mbili, likawa *Usigeuke*, herufi nene, neno moja.

Kilichokosekana ni kile kinachochungulia mlangoni. Alijaribu fuvu, lakini duka zima lina mafuvu. Alijaribu mwanasesere, akaona ni uzushi. Mchana mmoja akapita mbele ya chumba cha shangazi yake, simu mkononi. Mlango wazi. Dada yangu amelala, mdomo umeshuka, jicho liko kazini. Penseli akapiga picha moja. Alijiambia ni ya kuangalia tu jinsi kivuli kinavyokaa.

Hakuangalia kivuli tu. Aliipaka ile sura rangi ya majivu, akaiondolea nywele, akaiweka nyuma ya mlango. Na kwa kuwa alizoea kuipima kazi yake ikiwa ndogo, akaimaliza ikiwa ndogo. Kwenye ukubwa wa kiberiti hapakuwa na shangazi. Palikuwa na jicho linalokufuata na mdomo uliokwenda mrama, basi. Jalada likapandishwa dukani, mchezo wenyewe ukiwa bado kutoka, na vidole vikaanza kusimama. Watu wakajiandikisha kuusubiri, wakaambizana. Fundi simu alitembea siku zile kama bwana harusi.

Nilikuwa kibandani siku waliyotaka picha kubwa ya kuweka juu ya ukurasa wao. Penseli alikuwa amekwisha kunionyesha ile ndogo, nami nikaisifu, na mimi kusifu si mwepesi. Kisha akaifungua ile ile, kubwa, kwa mara ya kwanza tangu aimalize. Skrini ikajaa dada yangu.

Nilimwona Penseli akiondoa mkono kwenye kipanya kama kimemchoma. Sidhani kama alikuwa amejifichia mwenyewe jambo lile kwa makusudi. Alisimama ng'ambo ya barabara muda mrefu mno.

"Ameiona?" nikamuuliza.

"Nani?" akasema fundi simu. Yeye alimjua shangazi kwa mtandio tu.

Alipoelezwa alikaa chini. Kisha akaanza kujitetea kama mtu anayezama. Akasema sura haitambuliki, rangi imebadilika, nywele hazipo. Penseli akamjibu kwamba yeye ameitambua. Fundi simu akamwambia polepole, wala si kwa ubaya, kwamba wakiliondoa jalada lile sasa, wanaosubiri hawataujua mchezo tena, na kazi yake yote itakwenda na maji. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonikera. Mimi nikasema sitatia mguu wangu. Aliyechora ndiye mwenye kuonyesha.

Kuonyesha kukamshinda. Wiki ile alisugua masufuria ya shangazi yake hadi yakang'aa, akafua mapazia, akaja na matunda kila jioni, akawa hawezi kumtazama zaidi ya kufumba na kufumbua. Dada akamvumilia, kisha akamuuliza kama ana mimba. Penseli alicheka, kicheko kikageuka kilio, akatoka akanipigia simu akiniomba niwepo kesho yake.

Aliiweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, akaifungua picha, kubwa. Hakujieleza kwanza, na kwa hilo nampa heshima. Dada aliitazama muda mrefu, uso wake wazi mbele ya Penseli, na mimi nimekaa nyuma yao nisiuone. Akauliza katika mchezo huo watu wanafanya nini. Penseli akasema wanaogopa, ndiyo furaha yake.

"Na hii ndiyo inayowaogopesha?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ulinipiga lini?"

"Ulikuwa umelala."

Nikaona ni zamu yangu kukumbusha haki. Nikamwambia dada kwamba anajua utaratibu wetu, neno ni lake, aseme huyu si mimi, picha ifutwe leo hii.

"Nikisema si mimi nitakuwa mwongo," akasema. "Ni mimi. Amenipata sawasawa."

Kisha akauvuta mtandio, akaupandisha hadi chini ya macho, na Penseli amekaa pale pale, magoti yao yamegusana. Akamwambia afanye anavyoona, kazi ni ya watu na wanaitegemea. Akaomba kompyuta iondolewe, ana gauni la mteja la kumaliza.

Penseli aliliondoa jalada jioni ile. Fundi simu hakugombana naye, alikwenda nje akakaa kwenye ngazi. Penseli akachora jingine kwa jicho lake mwenyewe alilolitazama kwenye kioo, mlango ule ule, mwanga ule ule, herufi zile zile nene. Kila kanuni imo. Nimelitazama likiwa dogo nikayafinya macho, linasomeka. Lakini jicho lile linakuangalia kama mtu anayeomba radhi, na kwa jicho la namna hiyo hakuna anayeogopa. Mchezo ulitoka, vidole vikapita. Fundi simu bado humsalimia, ila kibandani hamkaribishi kiti.

Nilidhani basi, kosa limelipiwa. Ni mawazo ya mchora mabango, anayeamini kilichofutwa kimefutika.

Mwezi uliopita zahanati ilitaka picha ya dada kwa ajili ya kadi yake ya matibabu. Tukaenda watatu kwa mpiga picha, duka dogo lenye pazia jeusi na kiti cha kuzunguka. Penseli alimshika mkono shangazi yake njia nzima, akamvusha mitaro, na dada hakumkataza. Amempikia, amemwita mwanangu kama zamani. Mtu wa nje asingeona lolote. Tulipofika penye pazia Penseli akataka kuingia naye amnyooshee kola.

"Wewe baki hapa na mkoba," dada akamwambia. "Baba yako mdogo ataninyooshea."

Nikaingia mimi. Dada akakaa, akaushusha mtandio mbele ya mpiga picha tusiyemjua hata kwa jina, akaushusha mbele yangu, na nikauona uso wa dada yangu mara ya kwanza tangu augue. Nikamnyooshea kola. Chini ya pazia nilikuwa naviona viatu vya Penseli, vimesimama vimetuelekezea visigino. Alikuwa ametugeuzia mgongo, wala hakuna aliyemwambia.

Mpiga picha akamwomba dada ageuze uso kidogo kwenye mwanga. Akageuza.