Zamu ya Kaka Mkubwa

Daktari wa Homa Bay alinionyesha kwenye simu yake picha ya kilichotolewa ndani yangu: vifuko viwili vya damu ya zamani, nyeusi kama oili chafu ya pikipiki. Alisema ovari ya kushoto imebaki kidogo sana, na ya kulia haina mayai mengi. Vifuko hivyo hurudi. "Mkitaka mtoto, anzeni mara kidonda kikipona. Msichezee huu mwaka."

Kidonda kilipona. Wiki hiyohiyo baba mkwe akafariki, nyumbani Kisegi.

Kwetu, mzazi akishazikwa, wana wa kiume hawarudi kitandani kwa wake zao ovyo. Mkubwa hutangulia, katika nyumba yake pale bomani, ndipo wadogo wafuate. Anayemruka kaka yake anajiletea chira, laana inayokondesha watu na watoto wao mpaka waishe. Mume wangu ni wa pili. Mkubwa, ambaye mkewe alishamkimbia, alizika, na kesho yake akarudi Osiri kuchimba dhahabu.

Mume wangu akahamia sebuleni. Mwezi, miezi mitatu, mitano. Hasira ilinijaa hadi nikawa nagombana na kuku. Maumivu ya hedhi yakaanza tena, kidogo tu mwanzoni, upande wa kushoto. Niliogopa, nikanyamaza. Siku moja nikamwambia twende zetu Migori tukodi chumba, nani atajua?

"Nyar Karungu," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Karungu. "Mtoto tutakayempata hivyo, akishikwa na homa tu, wewe utalala?"

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini nilijua nisingelala.

Mwezi wa nane wa kungoja, kaka mkubwa akafika na mke mpya. Nilimshika mkono yule dada kushuka kwenye bodaboda, maana tumbo lilikuwa limemlemea. Kumbe huko Osiri shemeji hakumngoja mtu! Mama mkwe akasema ya Osiri hayahesabiki, lazima walale hapa kwanza. Wakalala. Kesho yake mume wangu akarudisha mto wake chumbani, na mimi nikawa siwezi hata kuguswa kwa maumivu.

Tukarudi Homa Bay. Daktari alitazama skeni. Vifuko vilikuwa pande zote mbili, na upande wa kushoto hakuona yai hata moja.

"Mlikuwa mnangoja nini?" akauliza, kwa upole.

Mume wangu akaangalia viatu vyake. Ikabidi nijibu mimi, kwamba tulikuwa tunamngoja shemeji.