Mama Povu na Mtaalamu

Katika kiwanda kile cha mablanketi, neno la mwisho kuhusu maji lilikuwa la Mama Povu. Jina hilo alipewa na mafundi, akalizoea kiasi kwamba hata mumewe alipompigia simu kazini alimwulizia kwa jina hilo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Uzi hufika umelowa mafuta ya mashine za kusokotea, na mafuta hayo hayatoki kwa maji matupu. Kwa hiyo mablanketi huoshwa katika mahodhi ya maji ya moto yenye sabuni, na maji yale yale huchujwa na kurudishwa kazini tena na tena. Sabuni ikipungua, mafuta hubaki na rangi haishiki. Ikizidi, povu hufura na kumwagika sakafuni, na pampu humeza hewa ikaanza kukohoa kama mzee wa kifua. Mama Povu alichota maji, akayatia kwenye chupa nyembamba pamoja na rangi ya buluu na kimiminika kizito kisichochanganyika na maji, kisha akadondosha dawa tone kwa tone huku akitikisa, mpaka buluu ihame kutoka tabaka la chini kwenda la juu. Kadiri matone yalivyokuwa mengi, ndivyo sabuni ilivyokuwa nyingi. Akishapata jibu, humwambia fundi wa pampu, "Punguza kidogo," au, "Ongeza," na fundi hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Ndipo alipoletwa mkemia mpya, na mkemia mwenyewe alikuwa mdogo wake.

Huyu alikuwa kitinda mimba wao. Mama yao alifariki binti huyo akiwa bado anatambaa, na dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuhesabu kwa vifungo vya shati, akaacha shule yeye ili mwenzake asome. Siku kitinda mimba alipohitimu, dada alilia kwa furaha mpaka wageni wakamcheka. Alimpenda, na hilo hakuna aliyelitilia shaka, hata yeye mwenyewe.

Lakini kupenda mtu akiwa mbali ni jambo moja, na kumkuta kazini kwako asubuhi, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, ni jambo jingine.

Mdogo mtu alikuja na mashine ndogo ya kuzamisha katika bomba la maji. Ilipuliza viputo kupitia sindano na kupima nguvu inayohitajika kuvitoa. Maji yenye sabuni nyingi huachia viputo kwa urahisi. Jibu lilitokea kwenye kioo cha mashine papo hapo, mchana kutwa, bila chupa wala kutikisa. Mafundi wakajaa kutazama. Yule fundi wa pampu, aliyekuwa hamwulizi Mama Povu swali, akauliza maswali mpaka koo likamkauka. Baada ya wiki chache kila mtu alimwita mkemia Mtaalamu, na mlango wa chumba cha kupimia cha Mama Povu ukawa unafunguliwa na mfagiaji tu.

"Dada, nimekuletea kopo jipya la unga wa kuchanganyia dawa yako ya matone," Mtaalamu alimwambia siku moja. "Lile la zamani kifuniko chake kimelegea."

"Liache hapo," alijibu bila kugeuka. "Kopo langu halijanilalamikia."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Binti yake alianza kujifunga shuka nyeupe kama koti na kupuliza viputo kwenye glasi kwa mrija.

"Mama, nikikua nitakuwa kama mama mdogo."

"Na mimi je?"

Mtoto akafikiri. "Wewe utakuwa umestaafu."

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa. Mama Povu hakucheka. Alikwenda jikoni akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Wivu ulikuwa umemkaa kifuani kama tonge lisiloshuka, na kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuwa na la kumlaumu huyo mdogo wake. Mdogo mtu alimsalimia kwa heshima, alimpikia chai, alimwita dada mbele ya watu wote. Angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi.

Basi akaanza kuomba mashine ikosee. Kila asubuhi alipima maji yake kwa siri na kulinganisha na namba za kwenye kioo. Na kweli, siku moja zikaachana. Chupa yake ilisema sabuni imezidi. Mashine ilisema iko sawa. Kesho yake zikaachana zaidi. Alihisi furaha ambayo hakuitaka, akanyoosha kitambaa chake kichwani na kwenda moja kwa moja kwa meneja.

"Mkuu, mashine inatudanganya. Tunamwaga sabuni ovyo."

Meneja alimwamini, maana alimjua kabla hajajua mashine. Mtaalamu alisema taratibu, "Tuangalie kwanza, dada." Dada akajibu, "Tuangalie nini? Maji haya nimeyajua wewe ukiwa bado unavaa sare ya shule." Fundi wa pampu akaamriwa kupunguza sabuni.

Ilipofika mchana mablanketi yalikuwa yanatoka na madoa, mafuta yameng'ang'ania, rangi imeshika huku na kuruka kule. Mzigo mzima ukarudishwa kuoshwa upya. Mtaalamu aliingia chumba cha kupimia cha dada yake, akafungua lile kopo jipya, akachanganya dawa na kupima maji yale yale. Matone yalikuwa machache, na jibu likalingana na mashine. Unga wa kopo la zamani ulikuwa umevuta unyevu na kupungua nguvu, ndiyo maana matone yalihitajika mengi.

Meneja alikuja na uso mkavu. "Nani anahusika?"

"Mimi," alisema Mtaalamu. "Dawa za maabara ziko chini yangu. Nilipaswa kuliondoa kopo lile."

Mama Povu alisimama pale na chupa mkononi. Afadhali angetukanwa. Kuokolewa na mtu unayemwonea kijicho ni kama kupewa maji na mtu uliyemkojolea kisima.

Jumapili mdogo mtu alikuja nyumbani kusukwa nywele, kama kawaida yake. Alikaa chini, dada akakaa kitini nyuma yake. Kwa kuwa hawakuonana nyuso, maneno yalipata njia.

"Unadhani nilijua kopo limeharibika?" dada aliuliza. "Sikujua. Lakini sikutaka kujua. Nilikuwa nakuonea wivu, mdogo wangu. Niliomba ukosee."

Mwenzake aliinamisha kichwa kumpa nafasi ya kusuka.

"Mimi nilianza kabla yako," alisema. "Tangu mtoto. Kila mgeni akija nyumbani anakutazama wewe na kusema, huyu ni mama yake mtupu. Unacheka kama yeye, unatembea kama yeye. Mimi hata sauti yake siijui. Nilikuwa nikikuangalia umelala, nikikuchukia, halafu asubuhi unanifunga viatu."

Kitana kikasimama.

"Hukuniuliza hata siku moja habari zake."

"Niliogopa utanipa kidogo, ubaki na nyingi."

Tangu hapo waliyapima maji wote wawili, huyu kwa kioo na yule kwa chupa, na majibu yasipolingana walitafuta sababu pamoja. Wivu haukuhama moja kwa moja. Mafundi wakiita "Mtaalamu!" kwa ile sauti ya kusifia, Mama Povu bado husikia kitu kikimfinya. Lakini Jumapili ile aliendelea kusuka, na akaanza kumsimulia mdogo wake jinsi mama yao alivyokuwa akicheka kabla hajamaliza kisa, hata watu wakacheka bila kujua mwisho wake ni nini.